Kwa nini wampime mwanangu dawa, wasiwapime watu wazima?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi mkoa wa Pwani. Nina mtoto wa kwanza, Zuhura, ana miezi miwili na nusu na uzito wa kilo 4.8. Juzi kliniki nilikutana na muuguzi na vijana wawili wa utafiti. Walinieleza kuwa wanachunguza dawa ya malaria kwa watoto wachanga, na kwamba mwanangu akiugua wangeomba aingie. Wangemtoa damu zaidi ya mara moja. Mama mkwe amekataa katakata, anasema hao ni mumiani wa siku hizi. Mume wangu yuko Mafia kikazi, anasema nimsubiri. Mimi nauliza: kwa nini wasipime dawa kwa watu wazima, halafu watoto wetu wapunguziwe dozi? Damu yote hiyo ni ya nini? Na nikikataa, mtoto akiugua atatibiwa? — Mama Zuhura

Marahaba, Mama Zuhura. Nimefanya utafiti wa kinga ya mwili na dawa za watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali lako la kwanza nimeulizwa na wazazi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nitakaa nalo muda mrefu, maana ukilielewa hilo, mawili yaliyobaki yatakuwa mepesi.

Nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, wodi yetu ya watoto haikuwa na dawa za watoto kwa maradhi mengi. Muuguzi alichukua kidonge cha mtu mzima, akakiweka juu ya karatasi, akakikata kwa wembe, mara nusu, mara robo. Kipande kile kilisagwa kati ya vijiko viwili na kukorogwa kwenye maji ya sukari. Siku moja bibi aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake alivitazama vile vipande akaniuliza, "Daktari, nusu hii kubwa kuliko nusu ile. Nimpe ipi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ampe ile kubwa, na usiku ule nilirudi mara tatu kitandani kwa yule mtoto kumsikiliza mapigo ya moyo, kwa sababu sikujua nilichomfanyia.

Nimelifikiria sana swali la bibi yule. Tulichokifanya pale kilikuwa majaribio juu ya mtoto. Hakuna aliyekiita hivyo, wala hakikuandikwa mahali, hakikuwa na kamati ya kukisimamia, na mtoto alipopona au alipozidiwa hakuna aliyejua kama ni kwa sababu ya kile kipande. Dawa isiyochunguzwa kwa watoto haiwaepushi watoto na majaribio. Inayahamishia wodini na jikoni, kwenye wembe na kijiko, na mama ndiye anayeachiwa mzigo wa kukisia.

Sasa, kwa nini tusipunguze tu? Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walichapisha jambo lililowatikisa wenzao. Watoto njiti ambao chupa ya mama yao ilipasuka mapema walikuwa wakipewa kloramfenikoli ili kuwakinga na maambukizi. Ni dawa ambayo watu wazima walikuwa wameitumia kwa miaka kumi hivi. Ikaonekana baadhi ya watoto tumbo linavimba, wanalegea, ngozi inageuka rangi ya majivu, kisha moyo unashindwa. Madaktari walipoyalinganisha makundi, waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi ya nusu. Wasiopewa dawa yoyote walikufa takriban mmoja kati ya watano. Mtu mzima akimeza kloramfenikoli, ini lake huifunga dawa hiyo na aina fulani ya sukari ili iyeyuke na itoke na mkojo. Ini la mtoto mchanga bado halina kimeng'enya cha kutosha cha kazi hiyo, na figo zake nazo bado changa. Kila dozi inalundikana juu ya iliyotangulia. Hesabu ya kilo peke yake isingemwambia daktari hilo.

Ungeweza kusema basi, tuwape watoto kidogo zaidi, tuwe salama. Hapo ndipo kifua kikuu kilipotufundisha kinyume chake. Kwa miaka mingi watoto wenye TB walipewa isoniazidi miligramu 5 kwa kilo, sawa na mtu mzima. Walipopimwa damu, wengi dawa haikufika kiwango cha kuua vijidudu. Ini la mtoto wa miaka miwili, ukililinganisha kwa kilo, linaiondoa dawa haraka kuliko ini la baba yake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi: isoniazidi kutoka miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, na rifampisini, dawa nyingine ya TB, kutoka 10 hadi 15. Vidonge vya TB vilivyotengenezwa kwa vipimo hivyo, vyenye ladha na vinavyoyeyuka majini, vilizinduliwa Desemba 2015, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kuvisambaza nchi nzima mwaka uliofuata. Fikiria ni watoto wangapi kabla ya hapo walikunywa dawa kila asubuhi kwa miezi sita, mama zao wakiwa waaminifu hawakosi siku, na dozi yenyewe ni pungufu.

Kwa hiyo mtoto wa wiki moja anaweza kuzidiwa na dozi ambayo ndugu yake wa miaka miwili ingempungukia. Humo katikati kuna wa miezi miwili na nusu, kama Zuhura, ambaye ini lake linabadilika karibu kila wiki.

Tuje kwenye malaria yenyewe. Dawa mseto unayoijua, ile ya ALu, ina dawa mbili ndani yake, artemetha na lumefantrini. Mwanzoni watoto walikuwa wakisagiwa tembe. Mwaka 2008 Dk. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, wakilinganisha tembe zilizosagwa na tembe mpya zinazoyeyuka zenyewe majini. Kwa pande zote mbili zaidi ya 97 kati ya kila watoto 100 walipona, ila moja sasa ilikuwa inamezeka bila kisu wala vita. Mwaka 2009 ikaanza kutumika. Nadhani hutakosa kuiona kwenye zahanati yako.

Lakini watoto wote wale walikuwa na kilo 5 au zaidi. Walio chini ya hapo waliachwa nje, na maelekezo yakawa kuwatibu kwa dozi ya mtoto wa kilo 5. Kwa miaka mingi ndivyo tulivyofanya, na mimi mwenyewe nimeandika dozi hiyo nikiomba Mungu. Walipokuja kupimwa wachanga wenyewe, kwa kuangalia damu yao, ilionekana artemetha inapanda mno katika miili yao kuliko kwa wakubwa, ilhali lumefantrini inahitajika ya kutosha. Katika tembe ya kawaida artemetha ni 1 na lumefantrini ni 6. Katika tembe iliyotengenezwa kwa wachanga ni 1 kwa 12. Uwiano wenyewe umebadilika. Mama Zuhura, hata ungekuwa na wembe mkali namna gani na mkono usiotetemeka, uwiano ulio ndani ya kidonge hukatiki. Nusu yake ina uwiano uleule, robo yake vilevile. Dawa hiyo ya watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5 ilipata idhini ya mamlaka ya dawa ya Uswisi Julai 2025, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki kuipitia. Isingekuwepo kama mama fulani, mwenye mtoto wa kilo nne na mama mkwe mwenye wasiwasi, hangekaa na muuguzi akauliza maswali kama yako kisha akakubali.

Huenda ukashangaa wachanga walisahauliwaje muda wote huo. Sababu mojawapo inatoka kwenye fani yangu ya kinga. Zuhura alizaliwa na masurufu uliyomfungia wewe. Miezi ya mwisho ya mimba, kingamwili zako zilipita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwenye damu yake, na maziwa ya mwanzo, yale ya njano, yakamwongezea kinga nyingine tumboni. Isitoshe, damu ya mchanga kwa miezi ya kwanza ina aina ya himoglobini ambayo vimelea vya malaria havistawi vizuri ndani yake. Basi madaktari tukazoea kusema mchanga haugui malaria. Wapo wanaougua, na masurufu hayo yanapungua kila wiki kwa kasi tofauti kwa kila mtoto.

Masurufu hayohayo yana upande wa pili. Angalia kadi ya kliniki ya Zuhura: chanjo ya surua imewekwa miezi 9. Haikuwekwa hapo kwa kubahatisha. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na kingamwili za mama zikiwa bado nyingi hukishambulia kabla kinga ya mtoto haijakitambua. Ukichanja mapema mno, kinga ya mama inaipoteza chanjo. Ukichelewa, surua inamkuta mtoto mtupu. Mwezi wa tisa ulipatikana kwa kupima damu za watoto.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kuliko yote, na nisamehe nikiurefusha. Kuna bakteria anaitwa Hib, anayeleta homa ya uti wa mgongo na kichomi kwa watoto. Amejivika ganda la sukari. Kinga ya mtu mzima inalitambua ganda hilo na kutengeneza kingamwili. Kinga ya mtoto chini ya miaka miwili hailioni. Ni kama mlinzi ambaye hajafundishwa sare hiyo. Chanjo ya kwanza iliyotengenezwa kwa sukari ile peke yake iliwafaa wakubwa na kuwaacha watoto wachanga, ambao ndio hasa waliokuwa wakifa. Watafiti wa Marekani, Robbins na Schneerson upande mmoja, Smith na Anderson upande mwingine, walipata njia: waliifunga sukari kwenye protini, kitu ambacho hata kinga changa inakijua. Kinga inaikamata protini, na kwa kuikamata inajifunza sukari iliyoshikana nayo. Kenya ilianza kutumia chanjo hiyo mwishoni mwa 2001. Kule Kilifi, ambako kila mtoto aliyelazwa alikuwa akipimwa damu, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto chini ya miaka mitano ulishuka kutoka takriban 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 8 ndani ya miaka mitatu minne. Chanjo ya Hib imo ndani ya ile ya pamoja inayochomwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama ratiba haijakupita, Zuhura keshachomwa mara mbili.

Na chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilipopimwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, ikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwetu na Kilifi kwa majirani, walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne waliepushwa na takriban asilimia 36 ya maradhi. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipata takriban asilimia 26. Chanjo ileile, watoto wa vijiji vilevile, tofauti ni miezi michache ya umri. Hilo usingelipata kwa kumchanja mtu mzima.

Sasa damu. Kipo kingamwili cha kupimwa, ndiyo, na vimelea vinavyohesabiwa. Lakini kinachofanya warudie ni dawa. Dawa mwilini inajaa na kupwa kama bahari. Ukipima mara moja tu, ni sawa na mgeni aliyefika ufukweni saa moja akaenda zake; hajui kama maji yalikuwa yanakuja au yanarudi. Wanataka kujua ilifika juu kiasi gani, maana hapo ndipo madhara yanapoweza kutokea, na kwamba siku ya saba bado ilikuwepo ya kutosha kumaliza vimelea.

Kiasi chenyewe tukihesabu pamoja. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Zuhura ana kama mililita 385. Kikomo kinachotumika sana katika utafiti wa watoto ni asilimia 1 ya damu kwa siku moja, na jumla ya asilimia 3 kwa wiki nne. Kwa Zuhura, asilimia 1 ni kama mililita 4, haifiki kijiko kimoja cha chai. Kwa wiki nne zote ni mililita 11 na kidogo, vijiko viwili na kitu. Waulize, "Mtamtoa mililita ngapi kwa mara, na jumla ngapi?" Wanapaswa kukujibu kwa namba, papo hapo, na namba hiyo iwe imeandikwa kwenye fomu.

Mama mkwe wako usimdharau, tafadhali. Habari za mumiani katika pwani yetu ni za zamani, na zilipata nguvu pale watu wa dawa walipokuja na chupa na sindano, wakachukua, wakaondoka bila kueleza wala kurudisha jibu. Hofu ya namna hiyo ina kumbukumbu. Hata baadaye mambo yametokea. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto. Familia zilisema hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kufanya kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Mimi ni mtafiti na jambo lile linaniuma. Kama mama mkwe angeniuliza, ningemwambia hivyohivyo bila kuficha, kisha ningemweleza kilichobadilika: leo utafiti wa dawa hapa nchini unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mama anabaki na nakala ya fomu yake.

Nimweleze na jambo jingine, maana utafiti hauleti tu dawa mpya, wakati mwingine unatukamata sisi madaktari. Watoto mahututi wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu tulifundishwa kuwapa dripu nyingi kwa haraka. Kitabu kilisema hivyo. Profesa Kathryn Maitland na wenzake walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikitazama takwimu iliusimamisha utafiti. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji yale kwa kasi, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya ambao hawakupewa, walifariki 7. (Hawa hawakuwa watoto wa kuharisha, aliyekaushwa na kuharisha bado anahitaji maji.) Niliposoma matokeo hayo nilikaa kimya muda mrefu, nikikumbuka dripu nilizozifungulia kwa mkono wangu. Bila lile kundi la kulinganisha tungeendelea hadi leo, kwa nia njema kabisa.

Kuhusu kukataa: una haki ya kukataa, na una haki ya kukubali leo na kujitoa kesho bila kutoa sababu. Zuhura akiugua atatibiwa kama mtoto mwingine yeyote. Mtu akikuambia au kukuonyesha vinginevyo, huo ni ukiukaji, na namba ya simu ya kamati ya maadili lazima iwe kwenye fomu. Kabla ya kusaini waulize nani atagharamia matibabu akidhurika, kama kuna bima, na kama watarudi kukueleza walichokipata. Wakikuharakisha, ondoka. Mimi kwa upande wangu, wakijibu hayo vizuri, ningekubali kwa mtoto wangu. Lakini Zuhura ni wako, na siku ya maelezo nenda na mama mkwe akasikie mwenyewe, Baba Zuhura awe kwenye simu kipaza sauti kimewashwa. Watafiti wazuri hawachukii maswali ya bibi.

Kitu kimoja usikisubirishe. Mtoto wa umri wa Zuhura akipata homa, hata kama anaonekana mchangamfu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akikataa kunyonya, akilegea, akipumua haraka au akipata degedege, nenda hata usiku. Wakimpima na kumkuta na malaria, na wakampa dawa ya kwenda nayo nyumbani, yeyusha kila dozi kwenye maji safi kidogo, mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kijiko cha jikoni, na umnyonyeshe baada yake. Akitapika kabla ya saa moja kupita, mrudishe wampe nyingine. Umalizie siku zote tatu hata homa ikishuka ya kwanza.